Mchezo Si Chambo

Wako wazazi waulizao: mtoto aendaye kambi ya Kikristo, huenda kucheza au kusali?

Mwaka 1868, katika pwani ya Llandudno, nchini Wales, Josiah Spiers aliandika mchangani kwa herufi kubwa kwamba Mungu ni upendo. Watoto waliokuwa likizoni wakazipamba herufi zile kwa kombe na mwani, kisha wakamsikiliza. Kazi yake ndiyo iliyozaa Scripture Union, yenye kambi za watoto hata kwetu.

Je, walicheza au walijifunza? Yote mawili. Basi tusiufanye mchezo kuwa chambo. Mtoto akigundua hila, ataishuku na Injili yenyewe. Tucheze nao kwa moyo mweupe, maana furaha nayo ni kipawa cha Mungu.