Sitara ya Wenye Enzi

Binti wa mvuvi akipata mimba kabla ya ndoa, kijiji kitasema wiki mbili tatu. Kisha bibi mmoja mwenye heshima atasema, "Basi jamani, msitirini mtoto wa watu," na maneno yatapungua. Binti wa mfalme hana bahati hiyo. Zaidi ya miaka 150 imepita tangu Sayyida Salme binti Said aondoke Unguja usiku mmoja wa Agosti 1866, na watu wa pwani hii bado wanabishana juu yake kama vile meli iliyomchukua ingali ikionekana baharini. Mmoja atasema alisaliti dini na nduguze. Mwingine atajibu kwamba nduguze ndio waliomtupa. Wa tatu atasema kitabu chake ni cha kweli tupu, na wa nne atasema ni malalamiko ya mtu aliyekosa mirathi.

Ubishi huo una swali kubwa ndani yake. Waliozaliwa katika nyumba za enzi tuwadai ukweli gani? Na sisi tunaowasema, tuna wajibu gani kwao? Nalitazama swali hili kutoka Sudi, kwenye hori lililo kati ya Lindi na Mikindani, mahali ambapo enzi ya Unguja haikufika kwa kasri wala bustani. Ilifika kwa jahazi, kwa ushuru na kwa bendera nyekundu. Ukiwa mbali na kasri unaona mambo ambayo aliye ndani hayaoni.

Tuanze na maisha yake. Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi aitwaye Jilfidan. Alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana walifundishwa kusoma tu. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15 hivi, ujuzi huo ulimponza. Kaka yake Barghash alipopanga kumpindua kaka yao Majid, Salme ndiye aliyemwandikia barua zake. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki katikati ya ndugu waliogawanyika. Baadaye alipatana na Majid, na kwa kupatana huko akawaudhi wale waliokuwa upande wa Barghash.

Kisha akapendana na mfanyabiashara wa Hamburg, Heinrich Ruete, akapata mimba, akatoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden. Huko mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa siku hiyohiyo, akaitwa Emily. Mwaka 1870 mumewe alikufa kwa ajali ya tramu. Akabaki mjane na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi. Mwaka huohuo Majid alikufa, na Barghash, yule aliyeandikiwa barua, akawa Sultani. Salme aliporudi Unguja mwaka 1885 kudai mirathi, Barghash alikataa hata kumwona.

Je, alidhulumiwa? Upande wa Barghash una hoja, tena si hoja ndogo: aliyetoka katika Uislamu harithi kwa Waislamu, na Sultani si mtu wa kuitengua sheria kwa sababu mdai ni dada yake. Upande wa Salme nao una hoja: kukataa kumpa mali ni jambo moja, kukataa kumwona uso ni jingine. Sheria ya mirathi haikumkataza kaka kumwuliza dada yake habari za wanawe. Mimi naona pande zote mbili zinaweza kuwa na haki kwa pamoja. Barghash aliweza kuwa sawa katika hukumu na mkosefu katika undugu.

Ukweli wa kitabu chake ni swali jingine. Kumbukumbu zake zilitoka kwa Kijerumani mwaka 1886. Humo alieleza maisha ya kasri kwa undani ambao hakuna mwingine aliyeutoa: vyakula, mavazi, magonjwa, wivu wa masuria, mapenzi ya ndugu na chuki zao. Mwamba ngoma huvutia kwake, na yeye alivutia kwake. Mimba iliyomfanya akimbie hakuitaja. Wapo wanaomwita mwongo kwa ajili hiyo.

Hapa pwani tuna neno linaloweza kutusaidia, nalo ni sitara. Sitara si uongo. Ni pazia analostahili kila mtu mbele ya jambo lake ambalo kulifunua hakumponyi yeyote. Mama aliyemzika mwanawe wa kwanza akiwa mchanga hana deni la kuwasimulia wageni siku alizomtunga mimba. Ukimya wa Salme hapo ni sitara, na anayemdai zaidi anataka kuchungulia tu, hata akijiita mpenda ukweli.

Lakini sitara ina mpaka. Aibu yangu isiyomdhuru mtu naweza kuisitiri. Dhuluma niliyomtendea mwingine si yangu peke yangu, nusu yake ni ya aliyedhulumiwa, na pazia ninaloliteremsha mbele yake linamfunika na yeye. Hapo neno sitara halifai tena. Hapo ni kuficha, au vibaya zaidi, ni kuremba.

Salme aliremba. Katika sura aliyoandika juu ya utumwa aliwaambia Wazungu kwamba utumwa wa nchi za Mashariki usilinganishwe na ule wa Marekani, na kwamba watu weusi ni wavivu, bila kushurutishwa hawafanyi kazi. Katika kitabu hichohicho ameeleza kwa huruma jinsi mama yake alivyotekwa akiwa mtoto: vita viliingia Cherkesi, wazazi wakauawa, watoto wakachukuliwa na kutawanywa. Alijua kabisa kutekwa ni nini. Alikijua kilio cha mtoto mmoja aliyetekwa, kwa kuwa mtoto huyo ndiye aliyekuja kumzaa. Vilio vya wengine aliviita uvivu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Kwa msomaji wa Hamburg wa mwaka 1886 hayo yalikuwa maoni tu. Kwa pwani hii yalikuwa watu. Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya biashara ya watumwa waliopelekwa Unguja. Misafara ilishuka kutoka pande za Ziwa Nyasa, ikiwaleta maelfu kila mwaka, na wengi waliishia katika mashamba ya karafuu yaliyoilisha familia ya Salme. Barghash alipotia sahihi mkataba wa Juni 1873 uliokataza kusafirisha watumwa kwa bahari, misafara iligeuka ikatembea pwanipwani kwenda kaskazini, hata ikabidi atoe amri nyingine mwaka 1876. Katika ubishi wa kaka na dada juu ya mirathi, ni vizuri kuuliza: mali yenyewe ilitoka wapi?

Tena ubishi ule wa nyumbani haukubaki nyumbani. Mwaka 1885 Salme hakurudi kwa jahazi la abiria. Aliletwa na meli ya Kijerumani, wakati manowari za Bismarck zilikuwa zimetia nanga mbele ya kasri ili Barghash akubali kwamba bara ni ya Wajerumani. Barghash alipokubali, madai ya dada yake hayakuwa na kazi tena kwa waliomleta. Mwaka 1888 Barghash alikufa, na mwezi uliofuata ndugu yake Khalifa aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani. Septemba ya mwaka huo maofisa wawili wa kampuni waliuawa Kilwa Kivinje, na vita vikafuata. Wakubwa walitumia machozi ya mwanamke mmoja kama kisingizio, na waliolipa gharama walikuwa watu ambao hawakualikwa kasri hata siku moja.

Basi naona kosa letu katika ubishi huu ni kuuliza maswali ya kasri tu. Nani alimsaliti nani? Nani mkarimu, nani bahili? Kosa hilo ni la zamani. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake. Anasimulia kwamba fakiri mmoja alimwomba Sultani nguo alizovaa, na Sultani akazivua akampa. Mwana wa Sultani akazichukua nguo zile, badala yake akampa fakiri watumwa 10. Watu walipomsifu Sultani kwa unyenyekevu na ukarimu, naye sifa zikamfikia, akaamuru fakiri aongezwe watumwa 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta anaongeza kwamba Sultani huyo alipokufa akafuatiwa na nduguye Daud, ambaye waombaji aliwajibu kwamba mwenye kutoa amekwisha kufa na hakuacha kitu.

Tangu hapo msomaji anaalikwa kuchagua: al-Hasan mkarimu au Daud bahili? Mimi nauliza juu ya wale watu 20. Majina yao hayapo. Walitoka wapi, walikuwa na mama gani? Sifa za ukarimu zilinunuliwa kwa miili yao, na kadiri umma ulivyozidi kusifu, ndivyo wengine walivyozidi kutolewa. Inawezekana kabisa al-Hasan alikuwa na moyo mzuri. Moyo mzuri wa mfalme haukuwasaidia chochote watu 20 waliogawiwa kama nguo.

Atakuja mtu aseme: "Usiwahukumu watu wa zamani kwa mizani ya leo." Hoja hii ina uzito, lakini inasahau kwamba aliyetekwa naye alikuwa mtu wa zamani, na mizani alikuwa nayo tayari. Hakuna mtumwa aliyehitaji kungoja karne ya 20 ili ajue amedhulumiwa. Tunaposema "zama zile waliona sawa", tunawahesabu walioshika kamba tu.

Mwingine atasema: kwa nini mzigo huu umwangukie mwanamke mmoja mjane? Hoja hii naikubali zaidi. Hamburg ilimpa Salme uwanja mdogo mwaka 2019, ukaitwa kwa jina lake, na mwaka uliofuata, maneno yake juu ya utumwa yalipojadiliwa, ikaamuliwa jina liondolewe. Sioni ubaya wa uamuzi huo. Jina la uwanja ni heshima, na heshima haidaiwi kama mirathi. Lakini katika bandari ya mji uleule liko gati lenye jina la O'Swald, nyumba ya biashara iliyotajirika kwa kupeleka simbi kutoka pwani zetu hadi Afrika Magharibi, zikatumike kama fedha. Kumwondoa binti wa Sultani ni rahisi, maana ni mgeni, ni mwanamke, na aliandika mwenyewe maneno ya kumhukumu. Wafanyabiashara waliandika hesabu za faida tu. Ikiwa aliyesema anaadhibiwa na aliyenyamaza anaachwa, basi tutakuwa tunafundisha kunyamaza.

Na sisi huku? Katika vijiji vya pwani hii ziko koo zinazosimulia nasaba yao hadi Shirazi, na ziko koo ambazo zikiulizwa asili husema tu, "Sisi tulikutwa hapahapa." Kila mzee anajua kwa nini wengine hawaulizwi zaidi. Mjukuu wa aliyetekwa ana haki ya kunyamaza. Ile ni sitara yake, na mtu anayemfunua mbele za watu, hasa siku ya posa, anamtendea dhuluma ya pili. Mjukuu wa aliyeteka naye hunyamaza, kwa maneno yaleyale, "mambo ya kale tuyaache". Ukimya wao unasikika sawa, lakini mmoja anafunika jeraha, mwingine anafunika kisu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Watu wa nyumba za enzi tuwaachie mimba zao, ndoa zao, ugomvi wao na machozi yao, kama tunavyomwachia binti wa mvuvi. Tusiwaachie hesabu ya mali na ya watu. Hapo tuwaulize bila kuchoka, hata kama ni wajane, hata kama ni wakarimu, hata kama wameandika vizuri. Salme alikufa Jena mwaka 1924, akazikwa Hamburg pamoja na kifuko cha mchanga wa Unguja alichokitunza miaka yote. Anayecheka mchanga ule hana utu. Na anayeulilia peke yake, bila kuwakumbuka waliolima mashamba ya karafuu wakiwa mbali na mchanga wa kwao, bado anayatazama mambo kutoka dirisha la kasri.