LUKU ya nyumba ya kupanga: Je, kulipa sawa ndiyo haki?

Katika nyumba nyingi za kupanga hapa Dar es Salaam vyumba vyote hutumia mita moja ya LUKU. Umeme ukiisha, mmoja anapita mlango hadi mlango na daftari, kila mlango unatoa kiasi kilekile, tokeni inanunuliwa, maisha yanaendelea. Mimi naishi hivyo Magomeni, nyumba ya vyumba sita, na mshika daftari ni mimi. Nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu sekondari, na wenzangu waliona fedha zao zitakuwa salama mikononi mwa ustadhi.

Hazikuwa salama. Sikuwahi kuchukua hata senti ya mchango, lakini hazikuwa salama, na ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Nyumba yetu ilikuwa ikitumia uniti zipatazo 70 kwa mwezi: taa, redio, televisheni za vyumba viwili vitatu, feni wakati wa joto. Tulikuwa katika kundi la D1, la watumiaji wadogo wasiovuka uniti 75 kwa mwezi. Kwa bei zilizoidhinishwa mwaka 2016, uniti ya kundi hilo ni shilingi 100. Ukijumlisha VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1 inakuwa shilingi 122. Kila chumba kilikuwa kikitoa kama shilingi 1,400 kwa mwezi. Nani atagombana kwa shilingi 1,400?

Kisha nikaoa. Alhamdulillah, na harusi ilikuja na friji, pasi na birika la umeme. Baada ya muda mfupi tukaona maajabu: shilingi 5,000 iliyokuwa ikitupa uniti 40, sasa inatupa 14. Mchango ukapanda hadi shilingi 7,700 kwa chumba. Tulikaa barazani tukailaumu serikali, tukamlaumu kila mwenye cheo, na mimi nilikuwa hodari kuliko wote. Nakumbuka nilitoa darasa fupi juu ya watawala wasiowahurumia raia.

Kumbe bei haikuwa imepandishwa na mtu yeyote. Nyumba ilikuwa imevuka uniti 75 kwa mazoea, ikahamishiwa kundi la T1, ambako uniti ni shilingi 292, na ukiongeza kodi na tozo hizohizo inakaribia shilingi 356. Aliyeivusha ni friji langu.

Sikulijua hilo mpaka usiku mmoja nilipotoka kwenda kuswali Isha nikaona chumba cha mama mmoja jirani yetu kina mwanga wa kandili. Ni mjane, anapika vitumbua asubuhi. Nikadhani taa yake imeungua, nikamwuliza kama nimletee nyingine. Akasema, "Hapana Ustadhi, nimemwomba fundi anikatie waya. Mchango umenishinda, na nimeona haya kuwa kila mwezi mimi ndiye ninayeombewa subira."

Nilirudi chumbani nikachukua kalamu. Mama yule ana taa mbili, redio na simu ya kuchaji. Ukimkadiria sana, ni uniti 5 kwa mwezi. Kwa bei yetu mpya hiyo ni shilingi 1,780, naye akitoa 7,700. Chumba changu peke yake kilikuwa kikitumia karibu uniti 60, yaani zaidi ya shilingi 21,000, nami nikitoa 7,700 ileile. Ile 13,600 iliyobaki ilitoka wapi? Ilitoka kwa jirani zangu, na sehemu kubwa, karibu shilingi 5,900 kila mwezi, ilitoka kwenye vitumbua.

Ndugu msomaji, mimi ndiye ninayewafundisha vijana Suratul Mutaffifin. Nawaeleza habari za wale ambao wakipimiwa na watu hutaka kipimo kitimie, na wao wakiwapimia watu hupunguza. Huwa natoa mfano wa muuza mchele anayegandisha nta chini ya mizani. Mfano wa mita ya LUKU haukuwahi kunijia.

Siku ya pili nililileta jambo hili barazani. Mmoja akanijibu kwa hoja ambayo nadhani ndiyo jibu la wengi: "Ustadhi, tulikubaliana. Mali huwa halali kwa maridhiano, na hapa hakulazimishwa mtu." Ni kweli kwamba Qur'an, katika Suratun Nisaa, imekataza tusilane mali zetu kwa batili na ikaruhusu biashara ya kuridhiana. Lakini maridhiano gani haya? Mama wa watu alipita miezi 20 akitoa kwa sababu aliona haya kusema mbele ya vijana wenye mishahara kwamba yeye hana friji. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameeleza katika Ihya kwamba mali inayotolewa kwa kuona haya, na moyo haujaridhia, hukumu yake ni kama mali iliyochukuliwa kwa nguvu. Tofauti ni kwamba mmoja unampiga kwa fimbo kwa nje, mwingine unampiga kwa ndani. Nadhani michango yetu mingi mijini, si ya umeme tu, ingefaa kupimwa kwa kauli hiyo, lakini tusitoke nje ya mada.

Kulipa sawa kunafanana na uadilifu kwa sura, na ndiyo maana kunatupumbaza. Uadilifu ni kila mwenye haki kupewa haki yake. Kama wangekuwa wamekula sahani sita zilizo sawa, kugawa kwa sita kungekuwa haki. Sisi tulikuwa tumekula sahani moja ya mtoto na sinia moja la harusi.

Kijana wa chumba cha mbele akaleta dawa yake: aitwe fundi aichezee mita, tulipe kidogo wote, na mama arudishiwe taa yake. Nilipomwambia huo ni wizi akaniuliza kama Richmond haikuwa wizi, ile iliyomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, na kama Escrow ya mwaka 2014 haikuwa wizi. Sikuwa na la kuwatetea wakubwa. Nilimwambia tu kwamba anayechezea mita hamwibii waziri, kwa kuwa umeme usiolipiwa hubebwa na wanaolipa, na miongoni mwao wamo wapika vitumbua wa mitaa mingine. Tungekuwa tumemwondolea mama mmoja dhulma kwa kuwadhulumu wasioonekana.

Na la kuchekesha, kama si la kuliza, ni hili. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU. Sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida kama yetu. Kisheria hilo ni deni la mwenye nyumba, lakini anayenunua tokeni ni mpangaji, na mwenye nyumba wetu hajawahi kuturudishia. Shilingi 1,500 kwa vyumba sita ni shilingi 250 kwa kila mlango. Kwa shilingi 250 hiyo sote tulisimama kama mtu mmoja tukasema tunadhulumiwa, na tulisema kweli. Jicho lililoona shilingi 250 inayotoka juu halikuona 5,900 inayotoka chumba cha pili.

Basi nifanyeje? Toba kwa haki ya Allah (s.w.) ina masharti yake, na mja anaweza kuyatimiza peke yake kwenye mswala. Haki ya mja mwenzio haiondoki kwa kulia usiku. Lazima irudi kwa mwenyewe au asamehe. Sote tunaijua hadithi ya muflisi, yule anayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, huku akiwa amekula mali ya huyu na amemuumiza huyu, mpaka mema yake yakagawiwa yakaisha.

Nilikwenda kwa mama yule na mke wangu. Kabla sijamaliza sentensi akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, yameisha." Ningeweza kushukuru nikaondoka, na nakiri nafsi ilitamani. Lakini katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayafuata, kauli inayotegemewa ni kwamba kusamehe deni ambalo kiasi chake hakijulikani hakusihi. Wapo wanazuoni wa madhehebu nyingine, kama Hanafi na Maliki, waliolegeza. Nikaona nisijifichie kwenye wepesi. Nikamtajia: miezi 20, karibu shilingi 118,000.

Akanyamaza. Akaniuliza, "Zote hizo zilikuwa zangu?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi, Ustadhi, nirudishie. Nina karo ya mjukuu."

Namlipa kwa mafungu, na ameshapokea nusu. Jirani wengine wanne nao nawadai samahani na wananidai kama shilingi 38,000 kila mmoja. Wawili wamesamehe baada ya kutajiwa kiasi, wawili tunakatana katika mchango. Fundi ametufungia mita ndogo kila chumba, hivyo kila mmoja anasoma yake, na friji tunalizima saa za usiku. Waliokuwa wakigandisha maji yao humo wamenuna kidogo. Nilikuwa nikijitetea kwa maji hayo, kwamba friji langu linahudumia nyumba nzima. Mama wa vitumbua hakuwahi kuweka hata kikombe.

Limebaki moja ambalo sijalitatua. Kama nisingeleta friji, nyumba ingebaki D1, na mama yule angelipa uniti zake 5 kwa shilingi 610. Sasa, hata kwa mita yake ndogo, analipa 1,780. Friji ni halali yangu na sikukusudia kumdhuru mtu, lakini gharama iliyompanda imetokana nami. Je, ile tofauti ya shilingi 1,170 kila mwezi ni dhamana juu yangu, au ni katika yale ambayo majirani hubebeana? Niliowauliza wametofautiana. Kwa sasa naitoa, nikiinuia kuwa ni deni. Na ikiwa si deni, iwe sadaka. Mwenye elimu zaidi katika mlango huu anisaidie.