Damu ya ngamia na fardhi tuliyoitelekeza

Katika Surat Al-Ghaashiya Mwenyezi Mungu anatutaka tumtazame ngamia alivyoumbwa. Wapo waliomtazama. Mwaka 1993 watafiti wa Brussels, Ubelgiji, wakiongozwa na Profesa Raymond Hamers, walitangaza kuwa ngamia ana kingamwili za pekee. Walianzia kwenye maji ya damu ya ngamia yaliyobaki katika utafiti wa malale. Kingamwili zetu zina minyororo mizito na myepesi; baadhi ya za ngamia zina mizito tu. Ncha yake ikikatwa, uzito ni kama sehemu moja ya kumi ya kingamwili ya kawaida, na bado inamshika adui yule yule.

Ncha hiyo hutiwa alama: rangi inayong'aa kwenye hadubini, au mionzi. Mwaka 2016, huko huko Brussels, ilichapishwa taarifa ya wanawake 20 wenye saratani ya matiti waliodungwa ncha zenye mionzi ya galiamu-68. Saa moja na nusu ikatosha kupata picha ya uvimbe ulipo. Kingamwili kubwa husubiriwa siku kadhaa.

Hapa Bashay mtu atauliza: damu si najisi? Mimi si mufti. Lakini mnyama hutolewa damu kidogo akarudi malishoni. Kinachochukuliwa ni maelekezo ya urithi, hupandikizwa kwenye bakteria, na bakteria ndio watengenezaji. Sioni hukumu ya damu imwagikayo inafikaje hapo.

Kinachonisumbua ni haki. Jambo hili lilianzia kwenye malale, na mfugaji wa Mbulu na Hanang anajua ndorobo anavyomkondesha ng'ombe. Maabara wameshatengeneza ncha za kuwatambua vimelea hivyo. Lakini dawa ya kwanza kuidhinishwa, kaplasizumabu, Ulaya mwaka 2018, ni ya ugonjwa adimu wa damu kuganda. Mwaka huo huo Sanofi wakainunua Ablynx, kampuni iliyoitengeneza, kwa yuro bilioni 3.9. Mwenye ng'ombe hakuwa sokoni.

Hata hivyo, kuwalaumu Wazungu ni rahisi mno. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilalamika katika Ihyaa kuwa miji ya Waislamu ilikuwa na matabibu wasio Waislamu watupu, huku watu wakisongamana kwenye fiq-hi, ilhali tiba ni fardhi kifaya. Karne tisa zimepita. Muislamu wa Bashay akizidiwa hukimbizwa Haydom, hospitali iliyofunguliwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955. Tunawashukuru, na kuwashukuru ni dini. Sisi tunachangishana minara.

Kisingizio cha hati miliki hakipo tena; zile za mwanzo za Hamers muda wake umekwisha. Ngamia wamejaa kaskazini mwa Kenya, mikononi mwa Waislamu wenzetu. Chuo cha Nelson Mandela kipo Arusha, Sokoine kipo Morogoro, na chuo chetu cha Waislamu kinafundisha Morogoro hapo hapo tangu 2005. Basi nitajieni kamati moja ya msikiti, kutoka Mbulu hadi Hanang, inayomlipia ada kijana mmoja anayesomea mambo haya.