Amana Isiyorudi Ilivyokuwa

Katika mambo yote ambayo mtu huweza kumkabidhi mwenzake, hakuna lililo zito kuliko mtoto. Fedha ikikabidhiwa hurudi kwa hesabu. Nguo ikikabidhiwa hurudi imekunjwa. Ng'ombe akikabidhiwa hurudi na ndama wake, au huletwa habari ya kifo chake na ngozi ikaonyeshwa. Mtoto peke yake hukabidhiwa asubuhi akiwa hivi, akachukuliwa jioni akiwa vingine, kwa kuwa katika saa zile amejifunza neno, au ameogopa kitu, au amempenda mtu. Kwa sababu hiyo swali la nani amtunze mtoto wakati mzazi hayupo si swali la raha wala la uchumi tu. Ni swali la haki.

Methali zenyewe, ambazo kwa kawaida huamua magomvi, katika jambo hili zimegawanyika. Moja husema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Nyingine husema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Ya kwanza humruhusu mzazi kunyoosha mkono na kuomba msaada. Ya pili humkumbusha kwamba msaada ule, hata ukiwa mwema namna gani, hautoki mahali palipouma. Zote mbili ni kweli, na mwenye hekima si yule achaguaye moja na kuitupa nyingine, bali yule aonaye mpaka ulipo kati yao.

Mfano wa mbali husaidia kuuona mpaka huo. Ziko meli kubwa za matembezi ambazo huchukua jamaa nzima baharini kwa siku kadhaa, na ndani yake mna klabu za watoto. Meli iitwayo Disney Magic, iliyoanza safari zake mwaka 1998, ilijengwa tangu mwanzo na kumbi za watoto ndani yake, na meli nyingine nyingi za namna hiyo zina kumbi kama hizo. Watoto hugawanywa kwa umri, aghalabu tangu miaka 3 hadi 12, huandikwa majina, hutunzwa na walezi wa kuajiriwa, wakachora, wakaimba na kucheza, hali wazazi wao wamekaa kwingine kwa utulivu. Mtoto akimlilia mzazi kupita kiasi, mzazi huitwa. Mambo haya yamewagawa wazazi. Wako wasemao kwamba hakuna maana ya kusafiri na mtoto kisha kumweka chumbani kwa wageni. Na wako wasemao kwamba mzazi aliyepumzika saa mbili ni mzazi bora kwa saa zilizobaki.

Kinyangiri hakuna bahari wala meli. Ni mji mdogo wa wilaya ya Mkalama, mkoani Singida, katika nchi ya Wanyiramba. Wilaya yenyewe ilimegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Nchi ile ina msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, na mkulima asiyeuwahi hana wa pili wa kumfariji. Mtama, uwele, mahindi na alizeti havimngojei mama anyonyeshe. Lakini swali liulizwalo katika meli huulizwa pale kila alfajiri ya masika, nalo huulizwa kwa ukali zaidi: jembe likiwa begani, mtoto abaki na nani? Mama ana njia nne. Aweza kumbeba mgongoni hadi shambani na kumlaza chini ya mti; aweza kumwacha kwa bibi yake; aweza kumwacha kwa dada yake mkubwa, ambaye mara nyingi hajatimiza miaka 12; au, kama kituo kipo, aweza kumpeleka kwenye kituo cha kulelea watoto wadogo mchana.

Mtu mwepesi wa hukumu atasema kwamba hapa hapana la kulinganisha: mama wa Kinyangiri humwacha mtoto kwa ajili ya kazi, na kazi ni heshima, abiria wa meli humwacha kwa ajili ya raha, na raha ni ubinafsi. Hukumu hii hupendeza masikioni, lakini haina miguu ya kusimamia. Mtoto wa miaka mitatu hajui tofauti ya shamba na kiti cha kivulini. Ajualo ni kwamba aliyekuwapo hayupo. Kama kuachwa humdhuru, humdhuru pote pawili. Kama hakumdhuru, sababu ya kuachwa haiwezi kulifanya kuwa dhara. Zaidi ya hayo, pumziko si wizi. Mtu aliyechoka hulea kwa hasira, na hasira ni malezi mabaya kuliko kutokuwapo. Ikiwa mama wa Kinyangiri angepata mchana mmoja wa kulala baada ya wiki ya palizi, nani mwenye haki ya kumlaumu? Basi uzuri au ubaya wa tendo hili hauko katika aendako mzazi. Sharti utafutwe kwingine: katika apatacho mtoto nyuma yake, na katika nani alipaye gharama.

Wazee husema kwamba zamani swali hili halikuwako, kwa sababu mtoto alikuwa wa wote. Usemi huu una ukweli, na ukweli wake una mashahidi karibu na Kinyangiri. Kaskazini, katika nchi izungukayo Ziwa Eyasi, huishi Wahadzabe, ambao baadhi yao mpaka leo huishi kwa mizizi, asali, matunda na nyama ya porini. Wataalamu Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao na kuhesabu kazi zao. Na katika maandishi waliyoyatoa mwaka 1997 walionyesha kwamba mama akiwa na mtoto mchanga wa kunyonya, bibi mchimba mizizi ndiye aliyekuwa tegemeo la chakula cha mtoto aliyetangulia. Mwaka 2008 Alyssa Crittenden na Frank Marlowe waliandika juu ya jamii hiyo hiyo jinsi watoto wachanga wanavyopokewa mikononi na watu wengine mbali na mama zao. Watoto walioachishwa ziwa hubaki kambini pamoja, wakubwa kwa wadogo, wakicheza na kujichumia matunda ya karibu. Basi kumwachia mwingine mtoto si uzushi wa watu wa mijini wala wa matajiri wa melini. Ni desturi ya kale sana ya wanadamu, na huenda bila hiyo wanadamu wasingekuwa wengi kama walivyo.

Hata hivyo neno "wote" hupenda kuficha watu. Mtu akisema kwamba mtoto alilelewa na kijiji kizima, yafaa aulizwe: ndani ya kijiji hicho, mgongo uliombeba ulikuwa wa nani? Mara nyingi haukuwa wa mwenyekiti, wala wa wazee waliokaa kivulini kuamua mashauri. Ulikuwa wa msichana wa miaka minane au kumi. Yeye ndiye aliyekuwa klabu ya watoto ya zamani, na hakuna aliyemwandika jina. Katika siku ambazo hapakuwa na shule, pengine alipoteza mchezo tu. Katika siku hizi hupoteza zaidi. Tangu Januari 2016 elimu ya umma ya Tanzania, toka awali hadi kidato cha nne, hutolewa bila ada. Lakini kwa msichana ambaye msimu wa kilimo humweka nyumbani na mdogo wake, ada moja haikufutwa, nayo ni wakati wake. Mama hakumdhulumu kwa ubaya. Umaskini ulimlazimisha kukopa kwa mtoto mmoja ili amlipe mwingine. Lakini deni ni deni, na alipaye ni yule asiyekuwa na sauti katika mkopo.

Hapa desturi nyingine ya nchi kavu za kati hutoa mwanga. Mfugaji mwenye ng'ombe wengi huwaweka baadhi yao kwa mwenzake. Anayewatunza hupata maziwa na samadi. Mwenye mali hubaki na ng'ombe pamoja na uzao wao. Mkataba huu umedumu kwa sababu kila mmoja ajua lake. Je, mtoto aliyewekwa kwa mlezi, maziwa yake ni nini? Ni mapenzi yake. Mtoto atunzwaye vyema humpenda amtunzaye, na siku moja humwita mama mtu asiyemzaa. Mzazi aliyesikia neno hilo huchomwa moyo, akadhani ameibiwa. Lakini hakuibiwa. Maziwa ya ng'ombe yakinywewa kwa mtunzaji hupungua kwa mwenye mali. Mapenzi ya mtoto hayako hivyo, maana moyo uliojifunza kuamini watu wawili haumwamini wa kwanza kwa nusu. Jambo la kumtia mzazi hofu si mtoto ampendaye mlezi wake. Ni mtoto abadilishiwaye walezi kama nguo, hata akaacha kumpenda yeyote, akiona kwamba kila apendwaye huondoka.

Wako pia waliotaka kuvuka mpaka upande wa pili, na kumwondolea mzazi mtoto kabisa. Plato, katika kitabu chake cha Jamhuri, alitaka watoto wa walinzi wa dola walelewe kwa shirika, mzazi asimjue mwanawe wala mwana asimjue mzazi. Aristotle, mwanafunzi wake, alimjibu kwamba kitu cha watu wengi sana hupata utunzaji mdogo kuliko vyote, kwa kuwa kila mmoja hudhani mwenzake atakitazama. Karne ya 20 ililijaribu wazo lililo karibu na hilo, ingawa kwa upole zaidi: katika vijiji vya ushirika vya Wayahudi viitwavyo kibbutz, ambavyo cha kwanza kilianzishwa mwaka 1910, watoto wa vijiji vingi walilala katika nyumba yao mbali na wazazi, wakionana nao saa chache za jioni. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 desturi ya kulala huko ilikuwa imeachwa. Wazazi waliwarudisha watoto nyumbani usiku, lakini hawakuzifunga nyumba za kutunzia watoto mchana. Jambo hili lastahili kuangaliwa sana: watu wale waliyajaribu yote mawili, wakabaki na mchana wa shirika na usiku wa jamaa.

Tanzania nayo ilijaribu kwa namna yake. Katika vijiji vya ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, vituo vya kutunzia watoto mchana vilifunguliwa katika vijiji vingi ili mama wapate kulima. Penye chakula na posho ya mlezi vilisimama. Palipokosekana uji, watoto walibaki nyumbani. Mwaka 1981 ilitungwa sheria ya vituo hivyo, na mwaka 2009 Sheria ya Mtoto. Kabla ya hiyo, mwaka 1991, nchi ilikuwa imeridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, ambao ibara yake ya 18 huzitaka serikali zihakikishe kwamba watoto wa wazazi wafanyao kazi wananufaika na huduma za malezi, na ibara ya 31 humpa mtoto haki ya kupumzika na kucheza. Desemba 2021 ilizinduliwa programu jumuishi ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto. Karatasi, basi, haikukosekana. Palipo na upungufu ni kati ya karatasi na uji: katika kumlipa mwanamke wa kijijini atunzaye watoto 30 wa wenzake ujira utakaomfanya arudi kesho.

Kwa hayo yote mpaka uliotafutwa waweza kuonekana. Kazi ya kulea ina sehemu zinazogawika na sehemu zisizogawika. Kulisha, kuosha, kulinda, kuchezesha na kufundisha nyimbo ni kazi zinazogawika, na mzazi azigawaye kwa mtu mwema hatendi kosa, awe amekwenda kupalilia alizeti au amekwenda kulala. Kujua alipo mtoto, kumchagua amtunzaye, kumwambia ukweli kwamba anaachwa na kwamba atarejewa, na kisha kurejea saa ile ile iliyotajwa, ni kazi zisizogawika. Mzazi atorokaye mtoto akiwa amelala, ili asisikie kilio, amejiondolea uchungu wa dakika moja na kumwachia mtoto shaka ya siku nyingi. Hili ni kosa katika meli yenye dhahabu, na ni kosa katika nyumba ya udongo.

Na juu ya hayo kuna sharti la tatu, ambalo tajiri hulisahau na maskini hulazimika kulivunja: pumziko au kazi ya mzazi isilipwe kwa utoto wa mtoto mwingine. Abiria wa meli hukununua kucheza kwa mwanawe kwa fedha, na mlezi amtunzaye ni mtu mzima aliyekubali mshahara. Nyumbani kwa mkulima maskini, utoto wa mdogo hununuliwa kwa utoto wa dada yake. Kituo cha mchana penye kijiji, chenye uji, kivuli na mlezi alipwaye, si anasa iliyoigwa kutoka kwa watu wa mbali. Ni njia ya kumrudisha msichana mmoja shuleni na mama mmoja shambani kwa wakati mmoja, bila yeyote wa hao wawili kumwibia mwenzake.

Mkono mmoja haulei mwana. Hilo limekwisha kukubaliwa. Lakini mkono wa pili unaoongezwa uwe mkono wa mtu mzima, uliokubali na uliolipwa. Ukiwa mkono wa mtoto, basi wana wawili wanalelewa na mkono mmoja ule ule.