Wembe mkali si lazima uwe wembe salama

Nyumbani kwetu Mpitimbi, Songea Vijijini, kuna jiwe moja ambalo hata ukilipeleka sokoni hakuna atakayekupa shilingi. Ni la kijivu, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima, na upande mmoja umelainika kama kioo. Marehemu babu yangu aliliokota mtoni akiwa kijana, akalitumia kunolea wembe wake wa kukunja kwa miaka mingi ya unyozi wake. Leo jiwe hilo ninalo mimi, na kila nikilishika hunirudishia swali ambalo naomba tulitafakari wiki hii: mtu akifanya kazi yake kwa ustadi, kwa uaminifu na kwa nia safi, je, amekwisha kutimiza haki ya wenzake?

Nianze na jiwe lenyewe, maana vijana wengi wa leo hawalijui. Kinoo cha panga si kinoo cha wembe. Panga hunolewa kwenye jiwe lolote lenye mchanga mchanga, lakini wembe ukiupitisha hapo utatoka na meno kama msumeno, nao utamchuna mtu badala ya kumnyoa. Kinoo cha wembe hutakiwa kiwe na chembe ndogo mno, zilizolingana, na ngumu kuliko chuma. Babu alikuwa akilowesha jiwe, kisha akipitisha ukucha juu yake. Akisikia mkwaruzo hata mmoja, hulirudisha mtoni. Akilipata zuri, hulisugua juu ya jiwe jingine kwa maji mpaka uso wake unyooke.

Kisha ndipo kunoa. Wembe hulazwa, ukali wake ukatangulia mbele, taratibu, upande huu na upande huu, maji yakiwa juu ya jiwe. Baada ya hapo hupigwa kwenye ukanda wa ngozi, na hapo ukali hautangulii tena bali hufuata nyuma, la sivyo ungekata ngozi ile. Kazi hii si ya Songea peke yake. Wabelgiji wamechimba mawe yao ya kunolea katika milima ya Ardennes, Wajapani karibu na mji wa Kyoto. Huko Arkansas, Marekani, liko jiwe ambalo jina lake la kitaalamu, novakulaiti, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya wembe.

Babu aliifanya kazi hiyo kama ibada. Alituambia kwamba Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa Allah ameandika ihsani katika kila jambo, na kwamba hata mchinjaji ameamrishwa anoe kisu chake ili asimtese mnyama. Babu akiuliza: ikiwa mbuzi ana haki ya kisu kikali, mtoto mchanga anayenyolewa nywele siku ya saba ana haki gani? Ndiyo maana alinoa alfajiri, kabla ya mtu yeyote kufika. Sikumbuki aliyewahi kutoka damu mkononi mwake kwa uzembe.

Sasa hebu tuje kwenye jambo lenyewe. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa nchini mwetu, mkoani Kagera. Miaka ikapita, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 habari ya kutochangia nyembe ilikuwa imefika hadi vijijini kwetu. Siku moja jirani mmoja, mtu wa hali ya chini, alimleta mwanawe wa siku saba anyolewe. Mkononi alikuwa na wembe mpya wa dukani, ungali ndani ya karatasi yake. Akasema kwa adabu, "Mzee wangu, naomba umnyoe kwa huu."

Babu aliutazama ule wembe, kisha akamtazama yule bwana. "Mwanangu, nimekunyoa wewe, nimemnyoa na baba yako. Leo umeniona mchafu?" Akakataa. Yule bwana akaondoka na mtoto wake, nywele zikiwa vile vile.

Ndugu msomaji, nani kati yao alikuwa na haki? Wakati ule mimi nilikuwa upande wa babu. Niliona amevunjiwa heshima. Mtu aliyekesha akinoa ili asimuumize mtoto wa mwenziwe, analipwa kwa kushukiwa? Tena wapo waliosema barazani kwamba huu ni udhaifu wa tawakali, eti ajali ya mtu imekwisha kuandikwa.

Lakini hoja hiyo haisimami. Mtume (s.a.w) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo amtegemee Allah. Na jiwe la babu, pamoja na ubora wake wote, lilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kutia makali. Halikuwa na uwezo wa kuondoa kilichobaki kwenye wembe kutoka kwa mtu aliyetangulia. Damu kidogo isiyoonekana kwa jicho inatosha kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo huambukiza kwa wepesi kuliko hata vile vya UKIMWI. Kwa hiyo wembe mkali kabisa, ulionolewa na mkono mwaminifu kabisa, uliweza kumdhuru mtoto bila mtu yeyote kukusudia.

Hapa ndipo penye fundisho. Kabla hatujajua, babu hakuwa na kosa. Baada ya kujua, ustadi wake haukuwa tena jibu. Nia njema humwondolea mtu lawama katika asichokijua. Haimpi ruhusa ya kukataa kujua. Na mara nyingi anayekataa si mtu mbaya. Ni mtu mwema aliyezoea kuaminiwa, akaona kila tahadhari ya mwenziwe ni tusi kwake.

Ijumaa mbili zilipita babu akiwa kimya. Ya tatu, baada ya swala, alinishika mkono tukaenda kwa yule jirani. Aliomba radhi mbele ya mke na watoto wa yule bwana, kisha akaomba ule wembe wa dukani. Mkono wake ulitetemeka kidogo, maana hakuzoea chuma chembamba namna ile, lakini alimnyoa mtoto mpaka mwisho. Kuanzia siku hiyo kila aliyekuja alikuja na wembe wake. Kinoo hakikutupwa, kilibaki kwa ajili ya visu vya Idi.

Nimesimulia haya kwa sababu akina babu bado tunao, na pengine ni sisi wenyewe. Yuko mwalimu, yuko mganga, yuko ngariba, yuko mzazi. Ukimweleza jambo jipya atakujibu, "Nimefanya hivi miaka yote." Huenda ni kweli, na huenda alifanya vizuri. Lakini aliye chini ya wembe wako ana haki mbili: unoe, na ukubali kuambiwa. Ya kwanza babu aliitimiza kwa jiwe. Ya pili ilimgharimu Ijumaa tatu.

Wabillahi tawfiq.