Saburi ya Pigo la Kwanza

Miongoni mwa mambo yanayowashughulisha vijana wa Maseno usiku, baada ya maktaba kufungwa na mvua ya jioni kukatika, ni mchezo ambao wazee wao wengi hawaujui hata kwa jina, nao ni ule wa kumwongoza mpiganaji mmoja dhaifu ndani ya kioo cha kompyuta, apite nchi pana yenye magofu na misitu, akutane na majabari ambao vijana huwaita mabosi, auawe, afufuke, auawe tena, hata siku ajaliwayo kushinda. Katika vibanda vya pleisteshen ni mpira ndio unaotawala, kwa kuwa mechi humalizika upesi na mwenye kibanda hupata malipo yake. Bali gemu hizi za majabari hutaka siku na majuma, na kwa sababu hiyo huchezwa mabwenini, mmoja akiwa ameshika vidhibiti na wenziwe wamekaa kitandani nyuma yake wakimpa shauri ambalo hakuliomba.

Nimewatazama vijana hao mara nyingi, na swali lililonikaa moyoni, ambalo naona lafaa kuchunguzwa kwa utulivu na mtu yeyote anayejali malezi ya nafsi, ni hili: je, saburi waipatayo katika mapigano hayo ndiyo ile saburi ambayo dini zetu, ya Kiislamu na ya Kikristo, zimeiamrisha na kuisifu, ama ni tabia nyingine, njema kwa mahali pake, lakini isiyoweza kumfaa mtu siku msiba wa kweli utakapombishia mlango?

Ili nisiseme kwa dhana, yafaa nieleze kwanza jinsi mchezo wenyewe ulivyo. Aliyeutia sura tunayoijua leo ni Mjapani Hidetaka Miyazaki wa kampuni ya FromSoftware, aliyeongoza utengenezaji wa Demon's Souls ya mwaka 2009, kisha Dark Souls ya 2011, kisha Elden Ring iliyotoka Februari 2022 na kuuza nakala zaidi ya milioni 20 katika mwaka wake wa kwanza. Sheria yake ni kali lakini ina uadilifu. Mpiganaji akiua hupata runi, ambazo ni fedha yake na pia ndizo anazotumia kujikuza. Akifa, runi zote alizokuwa nazo hubaki pale alipoangukia, naye huzinduka katika kituo cha mwisho alichopumzika, na vituo hivyo, ajabu ya mambo, waundaji wameviita Neema. Anaruhusiwa kurudi na kuziokota; walakini akiuawa tena njiani kabla ya kuzifikia, zimekwenda milele. Si kweli, basi, kama wasemavyo walaumu, kwamba kifo cha mle ndani hakina gharama. Na wapo mabosi ambao kuwashinda ni kazi ya usiku mwingi, kama yule mwanamke Malenia, mwenye mkono wa bandia na upanga mrefu, ambaye kila upanga wake umgusapo mpiganaji, jeraha lake mwenyewe hupona kidogo, hivi kwamba kosa la mshambuliaji huwa dawa ya adui yake.

Sasa mtazame kijana aliyekwisha kuuawa na Malenia mara nyingi. Mara za mwanzo hughadhibika, hulaumu vidhibiti, hulaumu kompyuta, humlaumu rafiki aliyemsemesha wakati mbaya. Lakini hufika saa ambayo ghadhabu humwisha, si kwa sababu ameishinda bali kwa sababu imechoka, na hapo ndipo jicho lake hufunguka: huanza kuona kwamba adui huinua bega kabla ya kupiga, kwamba baada ya mapigo fulani yaliyofuatana huja nafasi fupi ya kupumua, kwamba yeye mwenyewe hufa kwa tamaa ya kupiga mara moja zaidi kuliko ipasavyo. Ameacha kukichukia kile kimshindacho, ameanza kukitazama. Mimi naita jambo hili tafakuri, wala sioni jina jingine linalolifaa, na nathubutu kusema kwamba wengi wetu tulio watu wazima hatujapata kuitazama hata taksiri moja ya nafsi zetu kwa makini kama hayo.

Kadhalika wana elimu ya kugeuka. Mbele ya ngome ya Stormveil husimama jabari Margit, naye huwaangusha wageni wengi wa Elden Ring. Mwenye kiburi hurudi kwake papo hapo hata alfajiri, lakini mwenye busara humwacha, akaenda kuzunguka nchi, akaingia mapangoni, akapata silaha na nguvu asizokuwa nazo, ndipo akarejea. Hilo si woga. Mtume alipotoka Maka kwenda Madina mwaka 622 hapana Mwislamu aliyemwita mkimbizi kwa maana ya kushindwa, kwani kuondoka kwake ndiko kulikoandaa kurudi kwake.

Haya yote nayakubali kwa moyo mkunjufu. Ila kuna jambo aliloniambia mwanafunzi mmoja, hodari katika michezo hii, ambalo limenifanya nisite. Nilimwuliza ni nini kimpacho nguvu ya kurudi kwa adui aliyekwisha kumwua mara nyingi namna ile, naye akajibu bila kufikiri: "Mwalimu, bosi ameundwa ashindwe."

Kwa juu juu maneno hayo yanafanana mno na imani. Korani yafundisha kwamba Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na Paulo aliwaandikia Wakorintho maneno ya maana iyo hiyo juu ya majaribu. Mwenye kuamini haya huona kwamba nyuma ya kila mtihani yuko Mwenye kuupima, naye hakuupima kwa uadui. Mwanafunzi wangu pia anaamini kwamba yuko mpimaji. Lakini yeye ana ithibati: amewaona wengine waliomshinda Malenia, ametazama video zao, ajua hata idadi ya mapigo. Ayubu hakuwa na hata moja katika hayo. Watunzi wa utenzi katika pwani yetu walimtukuza Ayubu kuwa kiongozi wa wenye kusubiri kwa sababu aliketi katika maradhi na ufukara, watoto wake wamekufa, na hapakuwa na mtu wa kumwonyesha kwamba mtihani ule una mwisho. Kumtumaini mpimaji aliye ghaibu, wakati dalili zote zaonyesha kwamba hayuko au hajali, ni jambo jingine kabisa na kumtumaini yule ambaye jina lake limeandikwa mwishoni mwa gemu.

Tena kuna fundisho lililonukuliwa katika hadithi, juu ya mwanamke aliyekuwa akilia kaburini, Mtume akampitia akamwusia kusubiri, naye akamkemea kwa kutomjua. Baadaye alipotambua ni nani, akamwendea kutaka radhi, akaambiwa kwamba saburi ihesabiwayo ni ile ya pigo la kwanza. Nimelifikiri sana fundisho hili nikiwa nimesimama nyuma ya vijana wale. Katika mchezo, pigo la kwanza halihesabiwi. Limewekwa makusudi ili uanguke, na saburi yako hukua kwa pigo la thelathini na la arobaini. Katika maisha baba hufa mara moja. Simu hulia mara moja kutoka hospitali. Hapana kuzinduka kwenye kituo cha Neema ukaujaribu tena usiku ule kwa maneno mazuri zaidi ya kuagana. Kwa hiyo ile hazina ya mafunzo, iliyopatikana kwa kurudia, humkuta mtu mahali ambapo hakuna kurudia, na hapo sijui ni kiasi gani chake kimfaacho.

Linalonisumbua zaidi ni namna mpiganaji anavyojengwa. Katika Elden Ring sifa za mtu ni nane, nazo ni uhai, akili ya kutendea miujiza, ustahimilivu, nguvu, wepesi, elimu, imani, na ile ya mambo ya siri. Kila moja huweza kupandishwa kwa runi mpaka 99, na vijana hukesha wakijadiliana kama aula ni kuweka runi katika nguvu au katika imani, kwa kuwa mwenye imani nyingi hupewa sala za kujiponya na za kurusha radi. Na akichoka na umbo alilojijengea, akiisha kumshinda malkia Rennala, anaweza kumpelekea chozi la namna fulani naye akamzalisha upya, kila sifa ikahesabiwa tena tangu mwanzo. Nikodemo alishangaa kuambiwa kwamba sharti mtu azaliwe mara ya pili. Hapa hata kijana wa mwaka wa kwanza haoni ajabu. Hasha, siwatuhumu waundaji kwamba wamedharau dini. Nasema tu kwamba imani inayowekezwa kwa sababu ya faida yake vitani, na kuondolewa faida ipunguapo, ndiyo hasa ile ambayo Shetani alimshitaki nayo Ayubu mbele ya Mungu, akidai kwamba hamchi Mungu bure. Na kisa chote cha Ayubu kimesimuliwa ili kulikanusha shitaka hilo.

Huenda ningalikoma hapa na kuwa mkali, kama nisingalionyeshwa gemu nyingine, iliyotoka Aprili 2024, iitwayo Tales of Kenzera: Zau. Mwenye kuibuni ni Abubakar Salim, mwigizaji aliyezaliwa Uingereza katika jamaa ya asili ya Kenya, naye aliibuni kwa ajili ya huzuni ya kufiwa na baba yake. Wahusika wake huweza kusikilizwa wakinena Kiswahili. Zau ni mganga kijana aliyefiwa na babaye. Humwita Kalunga, mungu wa mauti, akafanya naye mapatano: atamletea roho tatu kubwa zilizokataa kufa, naye arudishiwe baba. Basi hapa pia pana majabari, pana nchi ya kuzungukwa, pana vinyago viwili vya jua na mwezi vya kupigania. Lakini nguvu za uhai wa Zau huongezwa kwa namna nisiyoiona kwingine: huketi chini ya mbuyu, akazungumza na mauti yenyewe juu ya babaye. Na hadithi, kila bosi aangukapo, humsogeza si kwenye kuubatilisha msiba bali kwenye kuukubali. Kijana amefundishwa kwa saa nyingi kwamba jitihada hushinda, kisha akaonyeshwa kwa upole kwamba hili moja halimo katika mambo yashindwayo kwa jitihada.

Wajaluo walio jirani zetu hapa wana tendo lao la mazishi liitwalo tero buru, ambamo mzee akifa wanaume hutoka na mikuki na ngao, ng'ombe wakitangulizwa, pembe zikilia, wakakimbia hata mpakani wakipigana na mauti asiyeonekana ili kumfukuza bomani. Wale wale wakeshao na Malenia nimewaona wakikimbia humo wameshika matawi, nyuso zimejaa vumbi. Hapana hata mmoja miongoni mwao atazamiaye kwamba marehemu atafufuka kwa mbio zile; na hata hivyo hupigana kwa nguvu zao zote, siku ile ile ya pigo la kwanza, kwa miili yao, mbele ya watu. Wako wachungaji walikatazao tendo hilo, nao wana hoja zao juu ya mizimu ambazo sizidharau, tena katika mji huu ambamo wamisionari wa CMS walifungua shule yao tangu 1906 hoja hizo zina mizizi mirefu. Ila anayetaka liondolewe ana deni la kutuonyesha ni mahali gani pengine, kanisani au msikitini au katika kioo cha kompyuta, kijana wa Maseno atakapofunzwa kupigana kwa bidii yote pasipo ahadi ya kushinda.