Gemu Ikikaribia Kutoka



Najua wapo watakaosoma kichwa hiki na kusema, leo huyu ameishiwa mada. Kwenye mafungo tunaambiwa tupunguze simu, halafu huku tunahubiriwa gemu! Naomba mnivumilie. Leo sizungumzii kucheza. Nazungumzia kutengeneza, na hasa ile hatua ya mwisho ambayo sisi wachezaji hatuioni: gemu imeshakamilika, inafanya kazi, na mwenye nayo anatakiwa aiachie itoke. Wengi tunachukulia kwamba magemu yanashuka toka mbinguni yakiwa tayari. Hayashuki. Kuna mtu amekesha.

Lual Mayen ni mmoja wa hao waliokesha. Ni mtu wa Sudan Kusini. Wazazi wake walikimbia vita na watoto mkononi, dada zake wawili wakafia njiani, na yeye mwenyewe akazaliwa kwenye safari hiyo hiyo. Akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2007, kwenye usajili wa wakimbizi, akaona kompyuta kwa mara ya kwanza, akamwambia mama yake kwamba anataka moja.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya mama huyo. Chakula ni cha mgao, umewazika mabinti wawili, na mtoto anakuja na habari za kompyuta! Mama yule hakumcheka. Alidunduliza kwa miaka 3 mpaka zikafika dola 300, akamnunulia laptopu. Halafu umeme wa kuichaji uko wapi? Kijana akawa anatembea mwendo wa saa 3 kwenda kuchaji, na masomo ya kutengeneza programu akayapata kwenye flashi ya rafiki yake. Nikisoma habari za Mayen, huwa namfikiria zaidi mama kuliko mwana. Huyu mama alitoa dola 300 kwa kitu ambacho hakukielewa, kwa sababu tu alimwelewa mwanawe.

Siku moja Mayen alikutana na Grand Theft Auto: Vice City. Wengi mnaijua, msijifanye. Mtu aliyezaliwa vitani akajiona anashika bunduki kwenye skrini kwa burudani, akajiuliza kwa nini gemu isiweze kufanya kazi ya amani. Hapo ikaanza Salaam, jina ambalo Mswahili yeyote halihitaji kuelezwa. Toleo la kwanza, dogo tu, alilitengeneza kambini mwaka 2016 na watu wakarushiana kwa Bluetooth. Baadaye akahamia Washington, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na kazi ya toleo kubwa ikaendelea huko. Desemba 2018, toleo hilo likiwa bado halijatoka, alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards mbele ya watengenezaji wakubwa wa dunia nzima.

Katika toleo hilo wewe mchezaji ndiye mkimbizi. Unakimbia. Nguvu zikiisha unahitaji maji, chakula, dawa. Mpango wake ni kwamba ukinunua maji ndani ya gemu kwa pesa halisi, pesa hiyo inakwenda kwa mashirika yanayowasaidia wakimbizi wa kweli. Magemu mengi ninayoyajua yanakuuzia kofia ya shujaa na rangi ya bunduki. Hii inakuuzia maji ya mtu mwingine.

Sisi wa huku Nyabusozi, na ndugu zetu wa Ngara, hadithi hiyo haitoki mbali. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliosimama juma moja. Wazee wetu wanakumbuka kuni zilivyoisha, foleni za maji, na watoto waliotenganishwa na wazazi wao. Sisi tuliozaliwa baadaye tumebaki na nini? Mara nyingi tumebaki na neno tu. Nenda uwanjani jioni usikilize watoto wakigombana: "Mkimbizi wewe!" Ni tusi. Wakati Mwinjili Matayo, sura ya pili, anatuambia bila kuficha kwamba Mtoto Yesu alibebwa usiku kwenda Misri kwa sababu kuna mfalme alitaka kumuua. Kama mkimbizi ni tusi, basi tumemtukana na Yeye.

Sasa turudi kwenye ile hatua ya mwisho.

Watengenezaji wenyewe wanasema gemu ikifika karibu na kutoka ndipo kazi inapokuwa chungu. Mambo ya kufurahisha, kubuni wahusika na kuchora milima, yamekwisha. Kilichobaki ni kusaka makosa: mchezaji akibonyeza hapa, mhusika anazama ukutani, ukicheza kwenye simu ya bei nafuu, inakwama. Unarekebisha moja, yanazuka mawili. Tarehe ya kutoka inasogezwa, inasogezwa tena. Na ndani ya moyo kuna sauti inayosema: bado, bado, hawatakuelewa, watakucheka.

Katika ule mfano wa talanta, Matayo 25, tumezoea kumhubiri yule mtumishi wa tatu kama mvivu. Bwana wake anamwita hivyo, ni kweli. Lakini angalieni anachojitetea nacho: anasema aliogopa. Hakuiba talanta. Hakuipoteza kwenye pombe. Aliifukia, akairudisha safi kabisa, haina hata mkwaruzo. Tatizo ni kwamba haikumfikia mtu yeyote. Na kwa kijana wa leo udongo si lazima uwe udongo. Folda ya kwenye laptopu nayo inafukia. Daftari la nyimbo alizotunga mwanakwaya na hajamwonyesha mwalimu wa kwaya, nalo linafukia.

Mtu atanijibu: na Luka 14 je? Yule aliyejenga mnara bila kupiga hesabu akashindwa kumaliza, watu wakamcheka. Si afadhali kusubiri? Ndiyo, jamani, kuna kusubiri kwa halali. Kutoa kitu kibovu ukijua ni kibovu, ukachukua pesa za watu, huo ni wizi hata kama umeandikiwa "toleo la awali". Lakini kuna kuchelewa kwa bidii na kuchelewa kwa hofu, na kwa nje vinafanana. Mimi navitofautisha hivi: mwenye bidii anaonyesha kazi yake kwa watu ili wamwambie palipoharibika, mwenye hofu anaificha mpaka iwe kamilifu. Na peke yako huwezi kuona makosa yako yote. Ndiyo maana hata katika Kitubio Kanisa halituachi tujikague wenyewe chumbani tukamalizana. Tunakwenda kwa mtu. Tunasema kwa mdomo.

Na kuna jambo moja katika Mwanzo linanishangaza kila nikilisoma. Mungu alipoona kazi yake ni njema, aliikabidhi. Aliweka bustani mikononi mwa mwanadamu, na tunajua mwanadamu alifanya nini. Mungu hakusubiri kwanza tuwe wa kuaminika. Anayeachia kazi yake itoke anakubali kwamba watu wataishika vibaya, wataikosea, wengine wataipa nyota moja bila hata kuifungua.

Hapa wengi watamtaja Mtakatifu Carlo Acutis, na sawa tu, amekuwa rafiki yetu tangu alipotangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alipenda PlayStation lakini alijiwekea saa moja tu kwa wiki. Vijana tunakumbuka hilo kwa sababu wazazi wetu wanatukumbusha kila siku! Mimi nakumbuka zaidi lingine: alikusanya miujiza ya Ekaristi, akaitengenezea tovuti, akaitoa. Alifariki Oktoba 2006 akiwa na miaka 15. Angesubiri akue kwanza, tusingekuwa nayo.

Nina sababu ya kuandika haya wiki hii. Kuna binti mmoja wa kigango chetu, ana miaka 20, ametengeneza gemu. Ni ya msichana anayepanda mlima na dumu la maji kichwani kabla giza halijaingia; ng'ombe wanamkata njia, mvua inanyesha, na maji yasimwagike. Mimi nimeicheza. Hatua ya nne ni ngumu kupita kiasi na nimemwambia. Ada ya kufungua akaunti Google Play ni dola 25, inalipwa mara moja, ameshailipa kwa pesa ya maharage. Kilichobaki ni sharti jingine: akaunti mpya ya mtu binafsi haitoi programu kwa umma mpaka ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo.

Kumi na wawili! Nilicheka nilipoisoma. Google hawakumfikiria Petro na wenzake, lakini mimi niliwafikiria.

Yeye hakucheka. Aliniambia, "Kaka, nikiwaomba watanicheka." Nikamjibu kwamba ndiyo, baadhi watacheka, na wawili watatu watamwambia kitu cha maana. Akanyamaza. Siku nne baadaye akanitumia ujumbe: "Sawa, waambie."

Basi nawaambia. Uwe na simu ya Android na anwani ya Gmail. Utapokea kiungo, utakubali kuwa mjaribu, utaipakua, na hutajitoa mpaka siku 14 ziishe. Bando inayotumika ni ndogo. Usimsifie bure. Mwandikie ilikwama wapi, simu yako ni aina gani, na kama hatua ya nne umeivuka. Kwa wale mliozoea kuita watu wakimbizi uwanjani, mnaruhusiwa pia.

Mpaka Dominika iliyopita walikuwa wamejiandikisha saba. Dominika hii baada ya ibada atakuwa pale chini ya mwembe na daftari.